Tarehe ya Ukoo wa Mackinnon: Kutoka Iona hadi Mackinnon Road

Asili ya ukoo wa Mackinnon ni visiwa vya magharibi ya Scotland, na kwanza kabisa kisiwa cha Mull. Wenyewe hudai zaidi ya hapo. Husema babu yao ni Kenneth MacAlpin, mfalme wa karne ya 9 anayetajwa kuwa ndiye aliyewaweka Wapikti na Wascoti chini ya kiti kimoja. Hati ya kuthibitisha hilo haipo. Msomaji wa pwani hatashangaa, maana kwetu nako koo ngapi zinaitaja Shiraz bila kuwa na cheti?

Hata hivyo nasaba ya kudaiwa ilikuwa na kazi yake. Mwaka 1606 Lachlan Mackinnon alitia saini mkataba wa udugu na mkuu wa ukoo wa MacNab, na mwaka 1671 mkuu mwingine wa Mackinnon, aliyeitwa Lachlan vilevile, akafunga mkataba kama huo na mkuu wa MacGregor. Mara zote mbili sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wametoka nyumba moja ya Alpin. Maana yake ni kwamba ukivamiwa, nitaleta watu wangu. Kwa MacGregor jambo hilo halikuwa dogo, kwani tangu 1603 hadi 1661 jina lao lilikuwa limepigwa marufuku na serikali, na aliyekataa kuliacha alihatarisha shingo yake.

Jina la Mackinnon halikufikwa na hayo, ila kalamu za makarani ziliitaabisha imla yake. Kwa Kigaeli ni Mac Fhionghuin, yaani bin Fionghuin, na huyo Fionghuin ni mtu. Karani wa Kilatini aliandika atakavyo, karani wa Kiingereza naye hivyo hivyo, na ndiyo maana leo kuna Mackinnon, McKinnon, MacKinven kule rasi ya Kintyre, na hata Love. Hilo la mwisho lilizuka kisiwani Arran, ambako watu walilisikia jina kama neno la Kigaeli la “mpendwa” wakalifasiri hivyo kwa Kiingereza. Kwa hiyo kuna Love ambao mababu zao ni Mackinnon.

Habari zilizoandikwa zinaanza karne ya 14, wakati visiwa hivyo vilipokuwa chini ya Mabwana wa Visiwa, wa ukoo wa MacDonald, waliokaa Finlaggan katika kisiwa cha Islay. Kila ukoo ulikuwa na kazi yake katika baraza la bwana. Mapokeo ya MacDonald yanasema Mackinnon alikabidhiwa vipimo: yeye ndiye aliyehakikisha pishi ni pishi na ratili ni ratili. Nguvu yao kubwa zaidi lakini haikuwa sokoni. Ilikuwa Iona, kisiwa kidogo kilicho mkabala na Mull, chenye monasteri ambayo sifa yake ilitokana na Mtakatifu Columba, aliyefika huko mwaka 563.

Wana wa Mackinnon waliishika monasteri hiyo kama mali ya nyumbani. Mmoja wao, Fingon, aliyeitwa Abati wa Kijani, alishitakiwa hadi kwa Papa kwa kutapanya mali ya watawa na kuishi na hawara. Mapokeo yanamtaja pia kuwa mshauri wa uasi uliomtia mkuu wa ukoo mautini. Wa mwisho kushika kiti alikuwa John, aliyefariki mnamo mwaka 1500. Mwaka 1489 yeye na baba yake Lachlan walichongesha msalaba wa jiwe wenye majina yao, na chini yake ikachongwa merikebu ya visiwani. Gogo la msalaba huo lingali Iona, na sanamu ya John imelala juu ya kaburi lake, amevaa vazi la ibada.

Miaka minne baada ya msalaba kusimama, mwaka 1493, mfalme wa Scotland aliufuta Ubwana wa Visiwa. Kuanzia hapo kila ukoo ulijitafutia. Mackinnon waliendelea kuwa na ardhi mbili: Mishnish huko Mull, na Strath katika kisiwa cha Skye. Ngome yao ya Skye, Caisteal Maol, ilisimama Kyleakin, penye mlango mwembamba wa bahari. Wenyeji husimulia habari za binti wa kifalme wa Norwe aliyeolewa na Mackinnon, akatandaza mnyororo kutoka kisiwani hadi bara ili kila chombo kilipe ushuru. Mnyororo siuthibitishi, ingawa Wanorwe walikuwapo: Skye ilikuwa yao hadi mkataba wa 1266.

Kwangu mimi mwaka mzito katika tarehe hii ni 1609. Mwaka huo wakuu wa visiwa walikusanywa Iona na kutiishwa sheria, na Mackinnon alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Sheria hizo zilitaka wenye mali wapeleke watoto wao wa kwanza kusoma Kiingereza katika nchi ya tambarare, wapunguze watu wa kulishwa nyumbani, wawafukuze washairi wa kutangatanga. Mtoto wa mkuu aliyelelewa mjini alirudi na ladha za mjini, na ladha za mjini hulipwa kwa fedha. Zamani mkuu alihesabu wanaume. Wajukuu zake walianza kuhesabu kodi. Wengi huanza hadithi ya kutawanyika kwa Wascoti na vita vya Culloden. Mimi naona deni lilianza mapema zaidi.

Culloden yenyewe ilikuwa Aprili 1746. Mwanamfalme Charles Edward Stuart, aliyekuja kudai kiti cha babu zake, alishindwa akawa mtoro. Mwanzoni mwa Julai alifika Strath akiwa amejigeuza mtumishi. Mkuu wa ukoo, mzee Iain Dubh, alimkirimu kwa chakula karibu na Elgol, kisha yeye na jamaa yake Kapteni John Mackinnon wakamvusha kwa mashua usiku hadi bara. Wote wawili walikamatwa siku chache baadaye. Mzee alisafirishwa kusini akafungwa, akaachiwa mwaka 1747, na alipofika umri wa miaka sabini na kitu akazaa mwana wa kumrithi. Kuna na hadithi ya kinywaji: eti mwanamfalme alimlipa kapteni kwa kumpa siri ya kuchanganya wiski na asali na viungo. Karne ya 20 Mackinnon mmoja alianza kuuza kinywaji hicho Edinburgh kwa jina la Drambuie. Hadithi imeuza chupa nyingi, na labda ndiyo sababu haijafa.

Mwana aliyezaliwa uzeeni, Charles, alirithi madeni. Mishnish iliuzwa, Strath ikauzwa, na kabla karne ya 18 haijaisha kipande cha mwisho, Strathaird, kikaenda kwa mwingine. Mwana wa Charles, John, alikufa bandarini Leith mwaka 1808, maskini, bila mke wala mtoto.

Ukuu ukaruka bahari. Karne ya 17 Mackinnon mmoja, Daniel, aligombana na baba yake akahamia Antigua katika visiwa vya Karibea. Uzao wake ukatajirika kwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa wa Kiafrika. Hao ndio waliotambuliwa kuwa wakuu wapya, na mmoja wao, William Alexander Mackinnon, aliketi katika Bunge la Uingereza kwa miaka mingi. Basi ukoo ulioanza kwa abati na mizani ukapata mkuu ambaye utajiri wa nyumba yake ulitoka kwenye sukari na mijeledi. Antigua ilifuta utumwa mwaka 1834. Jina la McKinnons lingalipo huko, kwenye mtaa na kwenye ziwa la chumvi.

Watu wa kawaida walibaki Strath, wapangaji wa bwana asiyekuwa wa ukoo wao, Lord Macdonald, naye pia akiwa amezama katika madeni. Mwaka 1846 ugonjwa uliharibu viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula. Kondoo walilipa kuliko watu. Kati ya 1849 na 1853 vijiji vya Boreraig na Suisnish viliondolewa, mioto ya mekoni ikazimwa, milango ikapigwa misumari. Kijana mwanajiolojia, Archibald Geikie, aliyekuwa Strath wakati huo, alikutana na msafara wa waliofukuzwa, wazee wakiwa juu ya mikokoteni. Kilio chao hakikumtoka masikioni, na uzeeni alikiandika.

Mwaka 1852 kiliundwa chama cha kuwahamisha watu wa visiwani, kikawapeleka Australia karibu 5,000 katika miaka mitano. Moja ya meli zake, Hercules, manowari ya zamani, iling'oa nanga Campbeltown mwezi Desemba mwaka huo ikiwa na zaidi ya watu 700 kutoka Skye na visiwa jirani. Ndui na homa viliingia ndani. Ilikwama Ireland kwa miezi, makumi wakafa, mayatima wakagawanywa katika meli nyingine.

Si kila Mackinnon aliyefika Australia alifika hivyo. Lauchlan Mackinnon, mzaliwa wa Skye, alikwenda na mtaji, akafuga kondoo, kisha akawa mmoja wa wamiliki wa gazeti la The Argus la Melbourne. Wengine walikuwa wametangulia Kanada, Nova Scotia na Cape Breton, ambako Kigaeli kilikuwa lugha ya shamba na kanisa. Huko Colin Francis MacKinnon, mtoto wa wahamiaji, akawa Askofu wa Arichat na mwaka 1853 akaanzisha chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier. Na Jonathan MacKinnon, tangu 1892 hadi 1904, alitoa katika mji wa Sydney wa Cape Breton gazeti la Kigaeli tupu, Mac-Talla, maana yake Mwangwi. Scotland yenyewe haikuwa imefaulu kuendesha gazeti la Kigaeli kwa muda kama huo.

Sasa turudi Campbeltown, mahali Hercules ilipong'oa nanga. Katika mji huo, mwaka 1823, alizaliwa William Mackinnon. Alianza katika duka la vyakula, akaenda Glasgow, na mwaka 1847 akavuka hadi India kumfuata rafiki yake wa shuleni, Robert Mackenzie. Wakafungua kampuni ya Mackinnon Mackenzie huko Calcutta. Mackenzie alizama baharini mwaka 1853 akirudi kutoka Australia. William akabaki, akapata mkataba wa kubeba barua, na mwaka 1862 kampuni yake ya meli ikaitwa British India, ile ambayo wazee wa Zanzibar na Mombasa waliiita BI tu.

Mwaka 1872 meli zake zilianza kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar, na kwa njia hiyo akajuana na Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash. Mazungumzo ya kwanza ya kukodishwa bara, mwaka 1877, hayakuzaa kitu. Miaka kumi baadaye, Mei 1887, Sultani alimpa Mackinnon na wenzake mwambao wa Wanga hadi Kipini kwa miaka 50. Mwaka uliofuata Malkia akawapa hati, na ikaitwa IBEA, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki.

Kampuni ilifika Mombasa ikakuta mgogoro wa Rabai, ambako watumwa watoro walikuwa wamejihifadhi katika misheni. Ilitatua kwa mfuko: tarehe 1 Januari 1889 watoro karibu 1,400 walikabidhiwa karatasi za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa. Mackinnon alikuwa mcha Mungu na mfanyabiashara, na sioni kwamba alijua wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Mwaka 1891 alisaidia kuanzisha misheni ya Kiscoti huko Kibwezi. Malaria iliitesa hadi ikahamia nchi ya Wakikuyu mwaka 1898, mahali panapoitwa Thogoto, ndivyo Wakikuyu walivyolitamka jina la hao Wascoti.

Faida haikuja. Uganda ilikula fedha, reli haikujengeka. Mackinnon alifariki London Juni 1893 akazikwa Clachan, Kintyre. Miaka miwili baadaye kampuni ilikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza ikalipwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika hazina ya Zanzibar yenyewe. Sanamu yake ilisimama Mombasa hadi baada ya uhuru, kisha ikasafirishwa Scotland.

Barabara ya kampuni ilibaki. Ilianza mwaka 1890 kuelekea Kibwezi kwa ajili ya mikokoteni ya ng'ombe, ikikata nyika kavu ya Taru. Reli ilipopita, stesheni mojawapo ikaitwa Mackinnon Road, na mji ukaota hapo. Lakini anayesimamisha magari pale si Mackinnon. Kando ya reli kuna msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli. Husimuliwa kwamba karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa njia ya Mombasa, Waislamu na wasio Waislamu, hushuka kuomba salama ya safari. Kuhusu mji wenyewe, Kaunti ya Kwale inasema ni wake, na Kaunti ya Taita-Taveta nayo inasema ni wake, na ugomvi wao ni wa mpaka na wa nani akusanye ushuru.