Mzunguko bila Mwako: Istilahi ya Gari Kuukuu Lisilowaka

Mzunguko bila mwako ni hali ambayo stata ya gari inaizungusha injini kwa kasi ya kutosha, lakini mafuta hayashiki moto ndani ya silinda, kwa hiyo injini husimama mara tu ufunguo unapoachiwa. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa tu kwamba gari haliwaki, na maneno hayo hayo hutumika pia pale ambapo stata imenyamaza na injini haisogei kabisa. Kwa aliyesimama kando ya gari tofauti husikika wazi, lakini fundi wa Mbinga mjini anayepigiwa simu kutoka Liuli au Lituhi anapaswa kuijua kabla hajaamua vifaa gani avibebe katika safari ya kuteremka hadi Ziwa Nyasa.

Utata huongezeka kwa sababu ya neno moto. Katika gereji, moto ni umeme: betri haina moto, moto haufiki kwenye koili, waya hauna moto. Lakini moto ni pia ule unaowaka silindani na kusukuma pistoni, na anayesema kwamba gari lake halina moto huenda akauziwa betri mpya wakati kilichokosekana ni dizeli. Ndiyo maana istilahi hii huacha neno moto na kutumia mwako, nomino ya kitenzi waka, ambayo imekwisha kuzoeleka katika maelezo ya injini za mwako wa ndani. Mzunguko ukisikika wenye nguvu, betri, nyaya nene na stata huondoka katika orodha ya washukiwa, na uchunguzi hubaki kwenye mafuta, hewa, mgandamizo, majira ya kuingiza mafuta na, kwa injini ya petroli, cheche.

Malori na magari mengi makuukuu yanayobeba kahawa katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, hutumia dizeli, na injini ya dizeli haina plagi za cheche. Kwa kanuni ambayo Rudolf Diesel alipewa hataza yake nchini Ujerumani mwaka 1893, hewa hugandamizwa hadi ipate joto la kuyawasha mafuta. Katika injini nyingi za zamani hewa hiyo hubanwa hadi takriban sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapokaza na msimu wa kahawa umeanza, chuma baridi hunyonya sehemu ya joto hilo, na hita plagi (plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) zilizoungua ambazo hakuna aliyezikumbuka wakati wa joto hujulikana hapo. Gari hilo hilo likiamkia Mbamba Bay, chini sana kuliko Mbinga na penye joto zaidi, huweza kuwaka bila shida, na mwenyewe akadhani limepona.

Ushahidi wa kwanza, usiohitaji kifaa chochote, uko kwenye bomba la moshi. Stata inapozungusha, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli huonyesha kwamba mafuta yanafika silindani ila hayawaki, kwa hiyo hutazamwa hita plagi, mgandamizo na majira ya pampu. Bomba lisipotoa moshi wowote, mafuta hayafiki. Hapo nati ya bomba la nozeli hulegezwa na injini huzungushwa tena, huku uso na mikono vikiwekwa mbali kwa sababu mruko wa dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi. Pasipotoka kitu, au likitoka povu, hukaguliwa waya wa solenoidi inayofungua mafuta kwenye pampu, filta, maji yaliyotuama chini ya tangi, na hozi zilizopasuka zinazoingiza upepo. Upepo huo hutolewa kwa pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu. Mafuta yaliyokaa muda mrefu katika madumu hustahili kushukiwa mapema.

Kwa petroli uchunguzi ni mfupi zaidi: cheche ya plagi hutazamwa, kisha pointi, kifuniko cha distributa, ambacho unyevu wa masika hukiharibia kazi, na mwisho kabureta. Injini ya aina yoyote ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda wa taimingi huenda umekatika. Injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, iliyotoka mwaka 1990, hutumia mkanda wa namna hiyo, na kuendelea kupiga stata katika hali hiyo kunaweza kupinda valvu.

Desturi ya kulisukuma gari mteremkoni ili liwake haina msaada wowote hapa, kwa kuwa kusukuma huleta mzunguko tu, na mzunguko upo tayari. Tena ni hatari kubwa katika miteremko inayoelekea Nyasa, kwani injini isipofanya kazi, busta ya breki huishiwa nguvu baada ya kukanyagwa mara chache, na katika gari lenye usukani wa pawa, usukani nao huwa mzito.

Istilahi hii haihusu injini inayowaka kwa sekunde chache kisha ikazima. Huko mwako umetokea ukakosa kuendelea, na mara nyingi sababu yake ni upepo katika mabomba au filta iliyoziba, ambayo hupitisha mafuta ya kuwashia lakini si ya kuendeshea.