Benchi Lisilo na Mwenyeji

Mwenye kutaka kutunga kwa Kiswahili juu ya matembezi ya msimu ule ambao miti ya Ulaya huvua majani yake hukwama mara mbili kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Hukwama kwanza kwenye jina la msimu. Kamusi humpa vuli, naye anajua kwamba vuli ni mvua: mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, mvua za kupandia, wakati ardhi iliyokauka inapoanza kuchipua. Mwandikie bibi yako aliyeko Tanga kwamba unatembea bustanini wakati wa vuli, naye atakuuliza kama umechukua mwavuli. Wengine hupendelea demani. Kwa kalenda demani ina haki yake, maana huangukia miezi ileile, kusi inapolegea na bahari kutulia. Ila ni neno la mabaharia, halina jani hata moja ndani yake. Wanaobaki husema majira ya kupukutika majani, na hao ndio wakweli zaidi, lakini jina hilo lina mizani kumi na mbili, nalo halienei katika kipande cha mizani minane. Ushauri wangu kwa mtunzi wa tarbia ni kuyaacha majira. Kupukutika majani, peke yake, hutimia minane barabara.

Kikwazo cha pili ni benchi. Neno tunalo, tumelichukua kwa Waingereza na kulizoea hata likapata misemo yake. Tazama, hata hivyo, mahali tunapoliweka. Benchi ni la zahanati, mtu akisubiri jina lake liitwe. Ni la darasani, wanafunzi wanne wakibanana juu yake. Ni la kituo cha polisi. Ni la uwanja wa mpira, ambako mchezaji asiyepangwa husemwa anasugua benchi, na kocha pamoja na wasaidizi wake huitwa benchi la ufundi. Katika matumizi yote haya benchi ni mahali pa kungoja zamu, na aliyekaa hapo anataka kuondoka. Sasa mwambie msomaji wako kwamba mtu mzima, mwenye nyumba na kazi yake, ametoka kwa hiari katika baridi ya mwisho wa Oktoba, akakaa kwenye benchi bila kungoja kitu chochote, akafurahi. Lugha yetu haikatai. Inashangaa tu.

Si kwamba hatujui raha ya kukaa nje. Nani atatufundisha hilo, sisi wenye baraza? Katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika Lamu na Mombasa ya kale, nyumba ya mawe haikukamilika bila kiti kirefu kilichojengwa pamoja na ukuta, nje ya mlango. Hapo mwenye nyumba alimpokea mgeni bila kumwingiza ndani walimo wanawake. Hapo palinywewa kahawa, palichezwa bao, palipimwa tungo na kusawazishwa vina. Mvua kubwa ikijaza njia, mabaraza hayohayo huwa kivuko cha wapita njia. Na kwa kuwa watu walikuwa muhimu kuliko jiwe walilokalia, jina la kiti likawafuata watu. Baraza la Mawaziri, Baraza la Mapinduzi, hata Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967: asili ya majina haya yote imekaa juu ya kiti cha mawe kando ya mlango. Jambo hilohilo limejirudia machoni petu. Vijana wa Tanzania wasio na baraza waliketi juu ya mawe pembeni mwa njia, na leo kijiwe ni mkusanyiko wenyewe, hata kama pana viti vya plastiki na hakuna jiwe.

Huko Ulaya kiti kilifuata njia nyingine. Wabadilishaji fedha wa Italia ya zamani walifanya kazi zao juu ya ubao waliouita banco, neno ambalo Waitalia wenyewe walikuwa wamelitoa katika lugha za Kijerumani. Kutoka kwenye ubao ule ikazaliwa benki. Kwa hiyo benchi na benki, ambazo sisi tulizipokea kupitia Kiingereza kana kwamba hazijuani, ni ndugu wa tumbo moja. Mjerumani hata leo hutumia neno lilelile, Bank, kwa zote mbili, akizitofautisha katika wingi: Bänke ni za kukalia, Banken ni za fedha. (Wajerumani walituachia shule na hela. Benchi, kwa bahati mbaya au nzuri, hawakutuachia.)

Nayasema haya kwa sababu miaka yangu ya Berlin imenifundisha kiti cha tatu, ambacho si cha kungojea zamu wala si cha barazani. Benchi la bustani halina mwenyeji. Hakuna mlango nyuma yake. Hakuna atakayekuuliza habari za nyumbani, wala atakayekuletea kahawa, wala atakayehesabu siku ambazo hukutokea. Baraza huwakabilisha watu wao kwa wao. Benchi huwaweka bega kwa bega na kuwageuza kutazama mbele, kwenye maji, kwenye mialoni, kwenye mtu anayekusanya majani kwa reki huku upepo ukimwangushia mengine.

Lina adabu zake. Asiye na mwenzake hukaa mwishoni, hakai katikati. Anayefuata hukaa mwisho wa pili, na nafasi iliyo kati yao haiguswi na yeyote. Kwa aliyelelewa katika Kiswahili, ugumu uko kwenye salamu: mzee ameketi, nawe unaketi kando yake bila shikamoo! Miezi ya kwanza nilihisi kana kwamba nimepita mbele ya jamaa bila kuwaona. Kisha nikazitambua salamu zao, ambazo ni ndogo sana lakini zipo: kuusogeza mkoba kidogo ingawa nafasi inatosha, kuinamisha kichwa wakati wa kuondoka. Nimewahi kukaa karibu nusu saa na bibi mmoja tusiyejuana katika bustani ya Tiergarten. Hatukusema neno. Alipoinuka akatikisa kichwa kidogo, na nikahisi tumeagana vizuri.

Kipindi bora cha kukaa hivyo ni wiki chache tu, kutoka katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Jua liko chini na halichomi. Miti aina ya linden hugeuka njano yote kwa pamoja, na ukungu wa asubuhi hauondoki mapema. Wakati wa joto benchi ni la kila mtu na kelele zake. Wakati wa theluji hakuna alitakaye. Katika wiki hizi unakaa ukijua kwamba baridi itakuinua baada ya dakika ishirini, na raha ni kubwa kwa sababu ina mpaka.

Lakini makala hii ni ya historia, na historia ya raha hii ni historia ya ruhusa. Tiergarten yenyewe, hekta zipatazo 210 katikati ya mji, ilikuwa uwanja wa kuwindia wa watawala wa Brandenburg, umezungushiwa uzio. Mwaka 1742 mfalme Friedrich wa Pili aliamuru uzio uondolewe, na watu wa mji wakaingia. Kati ya 1833 na 1840 Peter Joseph Lenné aliibadili kuwa bustani ya njia za kupinda na vidimbwi tunayoiona sasa. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, watu wasio na makaa walikata miti kwa ajili ya kuni: kati ya miti kama 200,000 ilibaki kama 700, na penye nyasi pakalimwa viazi. Upandaji mpya ulianza mwaka 1949. Kwa hiyo majani yanayoniangukia ni ya miti isiyozidi umri wa babu.

Uzio si njia pekee ya kumnyima mtu kiti. Bei pia ni uzio. Mwaka 1901 mfanyabiashara mmoja wa New York, Oscar Spate, alipewa kibali cha kuweka viti 200 katika bustani za mji kwa kulipa dola 500 kwa mwaka, na kila mkaaji alitakiwa kutoa senti 5. Mabenchi ya bure yakaondolewa kivulini, viti vya kulipia vikawekwa mahali pake. Mwezi Julai joto kali likaushika mji. Watu wakaketi katika viti vya Spate ndani ya Madison Square wakakataa kulipa. Walipoinuliwa kwa nguvu zikazuka ghasia, na kibali kikafutwa. Siku hizi ujanja ni wa kimyakimya zaidi. Benchi huwekewa vyuma vya kugawanya nafasi, vinavyoitwa vya kuegemeza mikono, na kazi yake ya kweli ni kumzuia asiye na makazi asijinyooshe.

Uzio mbaya kuliko yote ni rangi. Katika eneo la Schöneberg, hapahapa Berlin, pana uwanja uitwao Bayerischer Platz. Mwaka 1993 wasanii Renata Stih na Frieder Schnock walitundika vibao 80 kwenye nguzo za taa za mitaa inayouzunguka, kila kimoja kikiwa na picha upande mmoja, na upande wa pili amri au maneno ya zama za Hitler. Kimojawapo kina picha ya benchi. Ukikizunguka unasoma kwamba katika uwanja huo Wayahudi waliruhusiwa kukalia mabenchi yaliyotiwa rangi ya njano tu, na mwaka: 1939. Hapakutajwa risasi wala gereza. Ni benchi tu. Wakubwa wa ubaguzi walielewa maana ya benchi kuliko washairi wengi: walijua kwamba aliyenyimwa mahali pa kukaa bila sababu amekwisha kuambiwa kwamba kuwapo kwake kunahitaji sababu. Afrika Kusini waliandika somo hilohilo katika sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma, iliyodumu hadi 1990, na mabenchi yao pia yaliandikwa nani akae.

Wasemaji wa Kiswahili hawakuwa mbali na mji huu katika miaka hiyo, wala kabla yake. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na ilihitaji walimu wenye lugha yao. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha hapa kuanzia 1891 hadi 1895. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye Desturi za Wasuaheli ilichapwa mwaka 1903 ikibeba sehemu kubwa ya maarifa yake, alifika mwaka 1900 na kufariki hapa mwaka 1927. Wa tatu ni yule ambaye jina lake husikika kwa nadra katika vikao vyetu vya lugha: Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akajibiwa kwamba muda wa madai umekwisha. Akabaki. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, aliigiza nafasi ndogondogo katika filamu nyingi, na kwa ujira mdogo aliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu matamshi na mazungumzo ya Kiswahili. Miaka kumi au zaidi Kiswahili cha Berlin kilipita kinywani mwake. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kosa lililobuniwa na ubaguzi wenyewe, akapelekwa bila kufikishwa mahakamani katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa mji. Huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944, mwisho wa kupukutika majani.

Mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße, tangu mwaka 2007, kuna kijiwe chenye uso wa shaba kilichopachikwa katika njia ya miguu, jina lake likiwa juu yake. Mwezi Novemba huna budi kusukuma majani kwa kiatu ili ulisome. Kutoka hapo, kwa mwendo wa dakika chache, ipo bustani ya Weinberg, yenye mteremko, kidimbwi, na sanamu ya Heinrich Heine, kazi ya Waldemar Grzimek. Heine alizaliwa Myahudi, na Wanazi walivipiga marufuku vitabu vyake. Hapo yeye ameketi, bila haraka, kama mtu wa barazani.

Jumapili iliyopita kulikuwa na manyunyu na bustani haikuwa na watu. Benchi lilikuwa limelowa na majani yamegandamana juu yake. Nililifuta kwa kiganja upande mmoja, kisha upande wa pili, nikakaa mwishoni.