Daktari Aliyerudi kwa Mbwa

Septemba 1957, jarida la tiba la New England lilichapisha habari za wagonjwa sita waliopigwa mionzi, kisha wakatiwa mshipani uloto wa watu wengine. Hakuna aliyeishi zaidi ya siku 100. Mwandishi mkuu wa ripoti hiyo, Dkt. E. Donnall Thomas wa hospitali ya Cooperstown, jimbo la New York, alikuwa na umri wa miaka 37.

Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza. Damu hutengenezwa ndani ya uloto. Basi uloto wenye saratani uuawe kwa mionzi, upandikizwe mwingine. Mwaka 1959 alieleza jinsi uloto wa pacha wa kufanana ulivyoota vizuri kwa mwenzake, ingawa saratani ilirejea baada ya miezi michache. Kwa wasio pacha mambo yalikuwa magumu zaidi. Ama mwili uliukataa uloto mgeni, ama seli za kinga zilizokuja na uloto ziliugeukia mwili wa mgonjwa na kuushambulia.

Vifo vilipozidi, madaktari wengi wakaachana na tiba hiyo. Thomas naye alisita kuwapandikiza watu, ila utafiti hakuuacha. Alirudi kwa mbwa, na mwaka 1963 akahamia Seattle. Huko yeye na wenzake waligundua kwamba mbwa wa uzao mmoja wakilinganishwa kinga zao kabla ya kupandikizwa, na wakipewa dawa ya methotreksati baadaye, wengi huishi. Kwa binadamu, njia ya kulinganisha ilikuwa imefunguliwa na Mfaransa Jean Dausset, aliyezitambua alama za chembe nyeupe za damu mwaka 1958.

Muda wote huo mkewe, Dorothy, alikuwa naye maabara, akipima sampuli, akipanga takwimu na kuhariri makala. Wenzao walimwita mama wa upandikizaji wa uloto.

Mwaka 1969 Thomas alianza tena kuwapandikiza wagonjwa, safari hii uloto wa ndugu waliolingana nao. Ripoti ya 1977 ilihusu wagonjwa 100 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. 13 walikuwa hai, bila saratani. Idadi ndogo, lakini watu hao wote walikuwa wamekatiwa tamaa. Timu yake ikaanza kupandikiza mapema, ugonjwa ukiwa umetulia, na matokeo yakawa bora zaidi. Mwaka 1990 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Joseph Murray, mpasuaji aliyefanikisha upandikizaji wa figo mwaka 1954.

Thomas alifariki Oktoba 2012. Leo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ndugu wa baba na mama mmoja ndio hupimwa kwanza, na kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye. Kipimo hicho ndicho kilichokosekana kwa wale sita wa 1957.