Nidhamu katika madarasa ya chini kisiwani Pemba

Nidhamu katika madarasa ya chini kisiwani Pemba ni namna walimu wa skuli za maandalizi na wa madarasa ya mwanzo ya msingi wanavyoongoza mwenendo wa watoto wadogo na kuwazoeza kuchagua jambo jema. (Zanzibar hutumia rasmi neno "skuli" badala ya "shule".) Kwa sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, mtoto husoma maandalizi kwa miaka 2, kisha msingi kwa miaka 6.

Mazingira

Watoto wengi wa Pemba huanza chuo cha Kurani wakiwa wadogo sana. Huko hujifunza kuwaamkia wakubwa, kukaa mkekani na kungoja zamu ya kusoma mbele ya mwalimu, na mara nyingi huionja bakora. Skuli nyingi zimekuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana. Mtoto wa mchana huweza kufika darasani akiwa ameshachoka, pengine na njaa, na utundu wake ukahesabiwa kuwa ni tabia mbaya. Msimu wa karafuu nao hupunguza mahudhurio, na wanaorudi huhitaji kuzoeshwa upya taratibu za darasa.

Bakora na sheria

Tanzania Bara ina kanuni za viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinazoruhusu viboko visivyozidi 4 kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kanuni hizo hazihusu Zanzibar, kwa kuwa elimu ya msingi si jambo la Muungano. Wizara ya elimu ya Zanzibar ilichukua msimamo wa kuacha bakora skulini, na shirika la Save the Children lilisaidia kuwafunza walimu njia nyengine. Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili, lakini Sheria ya Elimu ya 1982 haikuweka katazo la wazi la bakora. Kenya iliipiga marufuku skulini mwaka 2001.

Msimamo wa wizara peke yake haubadilishi mazoea. Wapo wazazi wanaomtaka mwalimu ampige mtoto wao, wakikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Njia za darasani

Mfano ulio wazi zaidi ni mpango wa elimu ya awali wa Madrasa, unaosaidiwa na Mfuko wa Aga Khan, ulioanza Mombasa mwaka 1986 na kufika Zanzibar mwaka 1990. Chumba hugawiwa pembe: ya nyumba, ya vitabu, ya kujenga. Vifaa vingi ni vya hapo hapo, kama vifuu, kokwa na makuti. Mtoto huchagua pembe, hucheza, hurudisha vitu mahali pake, kisha hueleza alichofanya. Kuchagua, basi, hufunzwa kila siku kama kusoma kunavyofunzwa. Kuanzia mwaka 2006 kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze nacho kilitumia nyimbo na michezo kufundishia watoto wadogo.

Katika darasa la kawaida lenye watoto wengi, mwalimu huanza na kanuni tatu au nne, zinazosema la kufanya ("tunanyoosha mkono") kuliko la kukatazwa. Sifa hutaja kitendo: "umempa mwenzako penseli" humfaa mtoto kuliko "mtoto mzuri". Aliyemwaga maji huyafuta mwenyewe. Waliogombana husikilizwa mmoja mmoja, kila mmoja akiacha mwenzake amalize.

Desturi ya kiranja kuandika majina ya wapiga kelele ni ya zamani na haifai kwa umri huu: anayeandika huogopwa, huhongwa peremende, na mara nyingi huwaacha rafiki zake. Baadhi ya walimu hubadilisha kiranja kila wiki na kumpa kazi nyengine, ya kugawa madaftari na kumwambia mwalimu nani leo amemsaidia mwenzake.