Kodeki na Kasha: Asili ya Istilahi Mbili Zinazochanganywa

Katika makala haya tunakusudia kulieleza neno ambalo watafsiri wetu wamekuwa wakilikwepa, nalo ni kodeki. Hatulielezi kwa sababu ya ugeni wake, maana ugeni si dosari. Hata kasha, tutakalolitaja mara nyingi hapa, tulilipata kwa Wareno. Tunalieleza kwa sababu kulikwepa kumekwisha kuleta hasara.

Tulipata kuletewa mwongozo wa kuhariri video uliotafsiriwa kwa matumizi ya ofisi fulani. Mtafsiri alipokutana na kodeki aliandika "umbo la faili". Alipokutana na kasha akaandika "umbo la faili" vilevile. Hivyo sentensi moja ikawa inamwamuru msomaji abadili umbo la faili pasipo kubadili umbo la faili. Karani aliyeufuata mwongozo huo alibadili herufi tatu za mwisho wa jina la faili. Programu ilipoikataa faili kama mwanzo, alidhani imeharibika, akaifuta. Ndani yake mlikuwa na masimulizi ya mzee mmoja aliyekwisha kufariki, na nakala nyingine haikuwapo.

Neno lenyewe limeundwa kwa kuunganisha mianzo ya maneno mawili ya Kiingereza, moja likimaanisha kisimbaji na la pili kisimbuzi. Lilizoeleka kwanza katika simu, si katika picha. Mwaka 1937 Alec Reeves, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Paris, alibuni njia ya kuigeuza sauti ya simu kuwa mfululizo wa tarakimu. Njia hiyo ilihitaji chombo cha kuisimba sauti upande mmoja wa waya na chombo cha kuisimbua upande wa pili. Na kwa kuwa kila msemaji pia ni msikilizaji, vyombo hivyo viwili viliwekwa pamoja vikapewa jina moja. Kodeki ilikuwa basi kifaa cha kushikika. Leo aghalabu ni programu, lakini maana ya kwenda na kurudi imebaki ndani ya neno.

Picha zilikuja na shida kubwa zaidi, yaani wingi. Kipimo cha kimataifa cha televisheni ya tarakimu kilipokubaliwa mwaka 1982, sekunde moja ya picha 25, kila moja ikiwa na mistari 576 ya nukta 720, ilihitaji takriban megabaiti 20. Diski za CD-ROM za mwanzo za miaka iliyofuata zilisomeka kwa kilobaiti 150 tu kwa sekunde. Hapana budi picha zibanwe. Msingi wa kubana huko ulikuwa umekwisha kuwekwa na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao katika makala yao ya hesabu ya mwaka 1974. Mwaka 1988 kikaundwa kikundi cha MPEG, ambacho kanuni yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1993.

Hapa ndipo kasha linapoingia. Mwaka 1991 Apple ilitoa QuickTime, na mwaka uliofuata Microsoft ikatoa faili za AVI. Zote mbili zilikuwa makasha: zilihifadhi picha, sauti na saa ya kuvilinganisha, pamoja na alama ya herufi nne inayotaja kodeki iliyotumika. Kodeki iitwayo Cinepak ilikutwa ndani ya makasha yote mawili, jambo linalotosha kuonyesha kwamba kasha na kodeki si kitu kimoja. Programu ya kuhariria hulifungua kasha, huisoma alama, kisha huitafuta kodeki yenye jina hilo. Isipoiona, huikataa faili. Au huleta sauti bila picha, kwa kuwa sauti ina kodeki yake peke yake. Kubadili jina la faili ni kubandika karatasi mpya juu ya kasha, kilichomo hakibadiliki.

Na kodeki hufa, kama maneno yafavyo. Toleo la mfumo wa kompyuta za Apple la mwaka 2019 liliacha kuisoma Cinepak pamoja na wenzake wengi wa rika lake. Kanda iliyofunguka bila taabu mwaka 2018 ikaonekana imeoza, ilhali haikuguswa na mtu.

Tatizo la pili ni la kodeki zinazosomeka lakini hazifai kuhaririwa. Kodeki ya H.264 ya mwaka 2003, inayotumiwa na simu nyingi, aghalabu haihifadhi kila picha kamili. Huhifadhi moja, kisha kwa zinazofuata huandika tofauti tu. Mhariri akitaka kukata katikati, kompyuta hulazimika kuzisimbua kwanza picha jirani, nayo hukwama. Simu nyingi pia hazipigi picha kwa mwendo sawa, hivyo midomo na maneno hupishana kadiri kanda inavyoendelea. Kwa ajili hiyo zimebuniwa kodeki za kati, kama DNxHD na ProRes, ambazo kila picha yake husimama peke yake. Faili zake ni kubwa mno, lakini kazi huenda.

Kwa hiyo faili ikikataliwa, kwanza ikaguliwe kwa programu inayotaja kasha, kodeki ya picha, kodeki ya sauti na mwendo wa picha. Kisha programu ya kuhariria isasishwe, kwani huenda kodeki ni mpya kuliko programu. Isipofaa, picha na sauti zisimbwe kwa kodeki ya kati, kwa mwendo usiobadilika, na faili ya asili itunzwe.

Sasa tugeukie istilahi. Kisimbuzi, au king'amuzi, ni neno lililoenea Tanzania wakati mitambo ya zamani ya televisheni ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Ni neno zuri, ila lina nusu tu ya maana tunayoitaka: linasimbua, halisimbi. Kisimbaji-kisimbuzi ni sahihi, lakini hatumwoni fundi atakayelitamka mara mbili kwa siku. Tunaona afadhali kodeki, katika ngeli ya nyumba, na kasha kwa kinachoibeba. Kusimba nako kuna mtego: wengi hulisikia wakidhani ni usimbaji fiche, yaani kuficha siri; kodeki haifichi, inabana. Kitendo cha kuitoa kanda katika kodeki moja na kuitia katika nyingine tunapendekeza kiitwe kusimba upya. "Kubadilisha faili" tumeliacha, kwa kuwa ndilo lililomponza karani wetu.