Tarehe ya Maana za Kubuni

Katika nyumba nyingi za Uingereza na Marekani umekuwako kwa muda mrefu mchezo usiotaka ubao wala kete, bali kamusi moja kubwa, vipande vya karatasi, na watu walio radhi kuhadaa na kuhadaiwa. Mmoja wao hufunua kamusi akachagua neno ambalo hapana kikaoni alijuaye. Wenzake, kila mmoja kwa siri, huliandikia maana ya kubuni. Kisha maana hizo huchanganywa na ile ya haki iliyomo kamusini, zikasomwa zote kwa sauti isiyopendelea, na kila mchezaji akatakiwa kuitaja ile aiaminiyo. Aliyeipata kweli hupewa alama, na aliyebuni uongo ukaaminiwa hupewa alama kwa kila mtu aliyemsadiki. Wenyewe huuita mchezo wa kamusi tu, na wengi huudhania kuwa ni kipitisha wakati cha jioni za baridi. Mimi nauhesabu kuwa ni tawi la elimu, kwa sababu asiyejua jinsi kweli iandikwavyo hawezi kuandika uongo utakaokubaliwa.

Mchezo wa namna hii ulihitaji lugha iliyolimbikiza maneno kupita haja ya wasemaji wake, na Kiingereza kilikuwa lugha hiyo. Baada ya Wanormani kuishinda nchi mwaka 1066, Kifaransa kilimiminika juu ya lugha ya wenyeji. Na katika karne ya 16 wanazuoni wakaleta Kilatini na Kiyunani kwa ukarimu usio kipimo, hata mwananchi wa kawaida akawa mgeni katika vitabu vya nchi yake. Kwa hiyo mwaka 1604 mwalimu Robert Cawdrey alipotoa kitabu chake cha maneno yapatayo 2,500, hakukusudia kukusanya maneno yote, bali magumu peke yake, kwa faida ya mabibi na watu wengine wasiopata kusoma sana. Henry Cockeram, aliyemfuata mwaka 1623, aliingiza kitabuni mwake maneno mengi yaliyochongwa kutoka Kilatini ambayo ni nadra kupata kutamkwa na ulimi wa mtu. Samuel Johnson naye, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, alithubutu kuitania nchi ya Uskoti alipoieleza shayiri ya farasi kuwa ndiyo chakula cha watu wa huko. Lakini hazina ya wachezaji ilikuwa kamusi ya Oxford, iliyoazimiwa na chama cha wanalugha mwaka 1857, ikaanza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1884 chini ya James Murray, na kukamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000, yaliyo hai na yaliyokufa, yote yakipewa heshima moja.

Na tulitazame neno moja, ucalegon. Mchezaji wa kwanza aseme kuwa ni maradhi ya kwato za kondoo; wa pili aseme kuwa ni kabari ya mbao itumiwayo na mabaharia kukazia mlingoti; wa tatu, kwa uso mkavu, aseme kuwa ni jirani ambaye nyumba yake inateketea kwa moto. Msikilizaji mwenye busara atamcheka huyu wa tatu, naye atakuwa amekosa, kwani Ucalegon alikuwa mzee wa mji wa Troya katika tenzi za kale, na nyumba yake iliungua mji ulipotekwa. Hapa ndipo ilipo siri ya ufundi wote: kweli, kwa kuwa haina haja ya kusadikiwa, huweza kuwa ya ajabu kadiri ipendavyo, ilhali uongo sharti uvae mavazi ya heshima. Mbunifu hodari hujizuia. Huandika kwa ufupi; husema kuwa neno limekwisha kuachwa, au ni la wafinyanzi, au ni la lahaja ya kaskazini; hupenda vipimo vya samaki, sehemu za jahazi na magonjwa ya mifugo, kwa kuwa amesoma kamusi za kutosha kujua kuwa ndivyo zinavyosema.

Mwaka 1965 ufundi huu uliingia katika televisheni ya BBC kwa jina la Call My Bluff, kwa mfano wa kipindi cha Marekani ambacho kwao hakikudumu. Makundi mawili ya watu watatu watatu yaliketi yakikabiliana, kila neno likitolewa maana tatu, moja ya haki na mbili za hila. Kwa miaka mingi Robert Robinson alikuwa mwamuzi, na manahodha walikuwa Frank Muir na Patrick Campbell, Mwairishi mwenye kigugumizi ambacho hakukificha. Nami naamini kilimfaa sana, maana kweli na uongo vilitoka kinywani mwake kwa taabu ileile, asiweze mtu kupambanua. Campbell alipofariki mwaka 1980 Arthur Marshall alishika nafasi yake, na kipindi kikaendelea hata mwaka 1988, kikafufuliwa mwaka 1996. Huko Kanada, mwaka 1984, Laura Robinson na Paul Toyne waliutia mchezo wa nyumbani katika boksi, wakauita Balderdash, ukauzwa madukani.

Kamusi zenyewe hazikusalimika. Rupert Hughes, katika kitabu chake cha muziki cha mwaka 1903, aliweka mwishoni kabisa neno zzxjoanw, akidai kuwa ni ngoma ya Wamaori, ingawa lugha ya Wamaori haina z, x wala j, na maneno yake, kama yetu, humalizikia irabu. Mwaka 1934 kamusi ya Webster ilichapisha neno dord kwa maana ya densiti, kwa bahati mbaya tupu: waraka wa mwaka 1931 ulisema kuwa herufi D, kubwa au ndogo, ni mkato wa densiti, na herufi hizo mbili pamoja na kiungo or (yaani au) kilichokuwa baina yao zikasomwa kuwa neno moja. Mhariri aliligundua mwaka 1939 kwa kuwa halikuwa na asili. Na Christine Lindberg, mhariri wa kamusi ya Oxford ya Kimarekani iliyotoka mwaka 2001, alibuni esquivalience, yaani kukwepa kwa makusudi wajibu wa kazi, ili iwe mtego kwa wanaonakili kazi za wengine. Siri ilifichuka mwaka 2005, na neno hilo likaonekana limekwisha nakiliwa katika kamusi ya intaneti, likiwa na maana yake kamili.