Ua Gonjwa Lililopendwa na Wachoraji

Katika picha za maua zilizochorwa Uholanzi karne ya 17, jicho huvutwa kwanza na tulipu zenye mistari: petali nyeupe zilizopitiwa na wekundu, kana kwamba zimerambwa na moto. Maua hayo yalikuwa na ugonjwa.

Asili yake si Uholanzi. Tulipu ilifika Ulaya kutoka dola ya Waosmani, ambako iliitwa lale. Kwa hati ya Kiarabu, herufi za neno hilo ndizo zilezile za jina la Mwenyezi Mungu: alifu, lamu mbili na he. Vigae vya msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul vimejaa ua hili. Miaka ya 1590 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius akalipanda Leiden, Uholanzi.

Huko ilionekana ajabu: tulipu ya rangi moja ilichanua mwaka mwingine ikiwa na mistari. Clusius alitambua kwamba tunguu likishageuka hivyo hudhoofika. Hata hivyo, wanunuzi walitaka hasa yenye mistari. Tarehe 5 Februari 1637, mjini Alkmaar, matunguu ya marehemu mmoja yalinadiwa kwa ajili ya yatima wake yakaingiza takriban gilda 90,000, wakati fundi stadi alipata kama 300 kwa mwaka. Siku hizohizo soko likaporomoka.

Mwaka 1928 Dorothy Cayley, huko Uingereza, alionyesha kwamba mistari huambukizwa: alipandikiza kipande cha tunguu lenye mistari kwenye tunguu zima. Ni virusi, navyo husambazwa na vidukari. Huzuia rangi isienee sawasawa, weupe au umanjano wa chini ukajitokeza, na tunguu huzaa vichipukizi vichache. Mkulima wa muhogo aliyepambana na batobato, ugonjwa wa virusi wa zao hilo, ataelewa upesi. Ugonjwa ndio ulioleta uchache, na uchache ukapandisha bei.

Wachoraji kama Ambrosius Bosschaert walikusanya katika chombo kimoja maua ya misimu tofauti, wakaongeza mdudu au petali iliyodondoka, kumkumbusha mtazamaji kwamba uzuri hupita. Kumbe mauti yalikuwa yameshachorwa ndani ya petali zenyewe, karibu karne tatu kabla ya sayansi kuyapa jina. Kwangu, huo ndio utajiri mkubwa wa picha hizo.

Semper Augustus, tulipu iliyosifiwa kuliko zote, haipo tena shambani popote. Imebaki kwenye michoro.